Noti Sita za Barabara

Ipo siku moja, mwanangu, inayonirudia kila nikisikia printa ikiguruma. Ilikuwa miaka ya tisini, mjini Nyeri, nami nilikuwa kijana aliyetoka Timau kutafuta kazi. Niliipata katika duka la uchapishaji, chumba cha nyuma, na kazi yenyewe ilikuwa kuandika nyimbo za kwaya kwa kompyuta. Kwaya zetu zilizoea solfa, zile herufi za do, re, mi. Lakini walimu vijana walikuwa wameanza kutaka noti za mistari mitano. Programu ya kuziandika nilijifunza peke yangu, kwa kubonyeza na kukosea, maana hapakuwa na wa kuuliza.

Siku nyingi sikusema neno ila salamu. Jioni nilirudi kwenye chumba changu cha kupanga na kupika ugali wa mtu mmoja, ambao, kama hujawahi kuupika, ni mgumu kuukadiria kuliko wa watu kumi. Sikujiita mpweke. Nilijiita mtu mwenye bidii.

Basi akaja Mwalimu Gathogo kutoka Othaya. Alikuwa mstaafu, amefundisha kwaya maisha yake yote, kisha akapasuliwa koo na sauti ikabaki mnong'ono. Ukitaka kumsikia ilibidi umsogelee. Alikuwa na karatasi moja ya solfa, wimbo alioutunga mwenyewe. Mkewe, Nyaguthii, alichukuliwa na gari asubuhi ya mvua kupelekwa hospitali, akaiaga nyumba kwa mkono, na asirudi. Sasa ibada ya kumkumbuka ilikuwa karibu, na kwaya itakayoimba ilitoka Nanyuki. Kiongozi wake, Mwangi, aliwahi kuwa mwanafunzi wa mzee, lakini wimbo huu hakuwahi kuusikia. Hakuna aliyewahi kuusikia.

"Sauti yangu imeisha, kijana," alininong'oneza. "Hii karatasi ndiyo itaimba."

Kiitikio kilikuwa kifupi: *Ewe barabara, ulimchukua, naye hakurudi.* Mzee alianza kugonga meza kwa vidole kunionyesha mwendo wake. Mimi nilikuwa nimeinamia karatasi, nikisoma herufi. Nikamwambia kwa adabu, "Sawa mwalimu, nimeona." Nilikuwa nimeona karatasi. Vidole sikuvitazama.

Hapa nivumilie kidogo, kwani bila jambo hili huwezi kunielewa. Noti fupi zikiandikwa moja moja, kila moja huwa na mkia wake. Zikikaa pamoja, mikia hiyo huunganishwa kwa mstari mnene juu yake, kama ufito unavyoshika miti ya ukuta. Mwimbaji akiuona ufito anajua noti zipi ni za nyumba moja, na ile ya kwanza chini ya ufito ndiyo anayoikanyagia sauti, yaani anayoitia mkazo. Wimbo wa mzee ulikuwa na noti sita katika kila kipimo, yaani kila kipande kidogo cha wimbo. Sita unaweza kuzifunga tatu tatu, au mbili mbili. Mashine yangu ilizifunga tatu tatu kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ndivyo aliyeitengeneza alivyoiagiza. Mimi nikatazama ukurasa, nikauona mzuri, nikachapisha, karatasi zikapelekwa kwa Mwangi.

Jumamosi tukaenda Nanyuki, mimi na mzee, kusikiliza mazoezi. Kanisa lilikuwa baridi, mlima umejifunika mawingu. Beti ziliimbwa vizuri na mzee akaitikia kwa kichwa polepole. Kisha kikaja kiitikio. Wakaimba, "E-we-ba, RA-ba-ra." Mzee akagonga sakafu kwa bakora. Kwaya ikanyamaza.

Akaniinamia sikioni. "Wanamsifu nani?"

"Ni wimbo wako, mwalimu."

"Wangu ni wa njia. Hawa wanasema kitu kiko sawasawa."

Ndipo nikasikia. Kiswahili chetu sisi wa huku juu ni cha kuazima, na neno hili hututega. Ukikanyaga *ba* ya pili, ni njia ya magari. Ukikanyaga *ra* ya kwanza, umesema jambo limenyooka, halina kasoro. Mzee alikuwa akiililia njia iliyomchukua mkewe, na watu arobaini walikuwa wakiiambia imefanya vyema.

Mwangi akashika karatasi yake. "Mwalimu, si ndivyo imeandikwa? Hata mimi nilishangaa, lakini nikasema labda mzee ako na maana yake."

Mama mmoja wa sauti ya pili akasema, "Mimi nilijua tunasifu lami. Lakini ile ya Othaya, ati iko barabara? Tangu lini?"

Wakacheka, naye alikuwa mtu mwema, hakujua. Mzee hakucheka. Alikunja karatasi yake na kuitia mfukoni, kama mtu aliyeamua kwenda nyumbani na mzigo wake.

Tukarudi Nyeri. Nilifikiri ataendelea kwao, lakini alinifuata hadi dukani, akaketi kwenye stuli kando ya kompyuta. "Mara hii," akasema, "weka macho hapa." Akagonga meza. Mbili, mbili, mbili. *E-we, BA-ra, BA-ra. U-li, M-chu, KU-a.* Akanigongea tena na tena, hadi vidole vyangu vikaanza kugonga pamoja na vyake bila kuambiwa.

Nilianza kukata fito kwa mkono, noti baada ya noti. Kisha nikagundua ukurasa wa mipangilio ambao sikuwahi kuufungua, ambapo mashine yenyewe inauliza: hizi sita nizigawe vipi? Jibu la tatu na tatu lilikuwa tayari limejazwa, na aliyelijaza hajawahi kufika Othaya. Nikalifuta, nikaandika mbili, mbili, mbili, kwa kiitikio peke yake. Fito zote zikakatika na kujifunga upya mbele ya macho yetu. Hakuna noti iliyopanda wala kushuka. Kilichobadilika ni nani ameshikana na nani.

Mzee alizifuata kwa kidole hadi mwisho. Kisha akaniuliza, bila ukali, "Wewe hukaa humu na nani?"

"Na mashine, mwalimu."

"Na jioni?"

Nikageukia printa. Akasema, "Mimi nyumbani niko na viti sita, nami nakalia kimoja. Mtu akikuonyesha kitu kwa mkono, kijana, anataka pia umtazame yeye."

Wahenga walisema wajengao nyumba moja hawagombei fito. Nami naongeza: lakini waulizane zinafungwa wapi.

Siku ya ibada kwaya ilikuja Othaya na karatasi mpya. Nilikaa benchi moja na mzee. Ubeti wa kwanza vidole vyake viligonga goti. Kiitikio kilipoanza, *ewe barabara*, mkazo ukaanguka mahali pake, na nikasikia kina mama nyuma yetu wakivuta pumzi. Nikamtazama mzee. Vidole vyake vilikuwa vimetulia. Wimbo sasa ulikuwa na watu wengine wa kuubeba.

Watu walikula, wakashikana mikono, wakaondoka. Mimi nilibaki, nikakalia kimoja cha vile viti sita, tukanywa chai. Niliendelea kwenda hadi kiti chake nacho kikabaki kitupu.

Sasa ni mimi mwenye viti vitupu, mwanangu. Nawe uko mbali, unaniandikia kwa simu maneno mafupi, kila moja na mkia wake. Sikulaumu. Nakupa tu nilichopewa. Jambo likija kwako tayari limepangwa, fungua uone nani alilipanga, na kama aliwahi kuwasikia wenyewe. Usifurahie ukurasa mzuri kabla hujaugonga kwa vidole vyako. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na mtu mwenye sauti ndogo akikuita, msogelee, usimwambie umeona.

Mungu akulinde katika njia zote zichukuazo watu, na akurudishe. Akupe watu wa kukushika ubavuni, na siku sauti yako itakapokwisha, awepo anayejua ulipokuwa ukikanyaga.