Inazimika Ikipata Moto

Fundi Masikio alipewa jina hilo na wenzake wa gereji kwa sababu hakuwa mtu wa kupima. Ukimletea pikipiki inayokohoa, aliinamisha kichwa, akasikiliza kidogo, kisha akakutangazia ugonjwa wake kama hakimu anayesoma hukumu. Mara nyingi alipatia. Hilo ndilo lililomharibu.

Wateja aliwadharau wote, lakini dharau nono aliiweka kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mwembamba mwenye sauti ya pole, aliyeendesha pikipiki ya matope kwenye mashindano ya milimani na kila mara akaishia mkiani. "Huyo hata baiskeli ingemshinda," Masikio alisema mezani, na mkewe akaendelea kutafuna bila kumtazama.

Siku moja shemeji akaja anasukuma pikipiki yake, jasho linamtiririka. "Shemeji, inazimika nikifika katikati ya mlima. Nikipumzika kidogo, inawaka."

"Umeunguza klachi," Masikio akasema hata spana hajashika. "Unaushikilia mkono wa klachi utadhani ni mkono wa mchumba."

"Klachi ikiteleza, si injini ingenguruma tu bila kwenda? Hii inakufa kabisa."

"Nani fundi hapa?"

Akafungua ubavu wa injini. Pleti za klachi zilikuwa nzima, hazina hata harufu ya kuungua. Akazirudisha, akahamia kwenye kabureta, akaisafisha, akapiga kiki. Ikawaka mara moja. "Ni uchafu wa hiyo petroli yako ya kuokoteza. Nenda." Hata kuizungusha nje ya gereji hakujisumbua.

Mlimani ikazimika tena. Safari hii shemeji hakusukuma. Alifungua plagi ingali ya moto, vidole vikimuungua, akaichomeka kwenye waya wake, akaigusisha kwenye chuma cha injini na kupiga kiki. Cheche hakuna. Akaweka plagi mpya ya akiba, ikawa vilevile. Akakaa jiweni mpaka injini ikapoa, akapiga tena: cheche kali, ya bluu. Basi ni koili inayoipa plagi umeme, akajiambia, inakata ikishika joto.

Alirudi gereji akaeleza polepole. Mafundi wengine wakaacha kazi kumsikiliza. Masikio alihisi uso unamchoma, akacheka kwa nguvu. "Kumbe na wewe una akili! Umeme niliushuku tangu mwanzo."

"Ulisema klachi," akadakia mkewe, aliyekuwa amemletea chakula cha mchana.

"Wewe unajua nini kuhusu klachi?"

"Sijui kitu. Ila na mimi nina masikio."

Gereji nzima ikaangua kicheko. Shemeji peke yake hakucheka. Aliinama akifunga koili mpya kwa mikono yake mwenyewe. Masikio alimkodolea macho, akingoja neno moja tu la kebehi ili apate pa kumtukania. Halikuja. Upole ule ulimkera kuliko tusi.

Siku ya mashindano mkewe alikwenda kutazama. Masikio alikataa kwenda. Mkewe aliporudi, vumbi lilikuwa limemjaa mpaka kwenye kope.

"Ilizimika?"

"Haikuzimika hata mara moja."

"Na amekuwa wa ngapi?"

"Wa tatu kutoka mwisho."

"Si nilisema!" Masikio akapiga meza, akajipakulia chakula kwa hamu ambayo hakuwa nayo wiki nzima. Mkewe alimtazama anavyotafuna, akachukua mto wake kitandani, akaupeleka chumba cha watoto.