Bamia za Kalunde Chini ya Mwamba

Siku Kalunde alipofika langoni kwake, Masila alidhani amepata mtu wa kumpunja.

Ilikuwa asubuhi ya Juni, ukungu wa Kangundo ukiwa bado umelalia mibuni. Mwanamke yule alikuja kuomba akodishwe kile kipande cha mawe kilicho chini ya mwamba, mwisho wa shamba. Masila alikuwa amekipuuza miaka yote. Kahawa ilikikataa, maharagwe yalikikataa, na mbwa wake walikwenda kuota jua huko na kurudi.

"Unataka kupanda nini, mwaitu?" Masila aliuliza, akimwita mama kwa Kikamba.

"Bamia."

Masila alicheka mpaka akakohoa. "Bamia ni ya watu wa joto. Hapa kwetu ikifika Julai hata jogoo anatafuta sweta."

"Ndiyo maana nimeomba pale kwa jiwe, sijaomba hapa kwa kahawa. Nililigusa jana jioni. Bado lilikuwa na moto."

Masila alimtazama vizuri. Alimjua kwa kusikia tu. Kalunde alizaliwa kule Mwala, akawa analima bamia kando ya bwawa la mchanga linalotunza maji mtoni, kisha akaolewa huku milimani. Mumewe alikuwa bawabu Athi River. Mume na ndugu zake walipogawana ardhi ya baba yao, yeye aliachiwa boma tu, na tangu hapo Kalunde alikuwa akipalilia kahawa za watu kwa kibarua. Mtu wa namna hiyo, Masila aliwaza, hana pa kwenda. Yeye mwenyewe alianza kwa kusukuma mkokoteni wa avokado, sasa alikuwa na pikapu na alinunua mboga nusu ya milima ile. Hakuwahi kuingia kwenye mapatano ambayo hakujua atatokea wapi.

Wakapatana. Kalunde angetoa mbuzi jike mwenye mimba, papo hapo. Angetumia kipande hadi mvua za Oktoba. Bamia zisipozaa kabla ya mvua, kipande kinarudi na mbuzi amekwenda. Zikizaa, angekaa misimu mitatu zaidi, na Masila ndiye angekuwa mnunuzi wake, yeye peke yake.

"Na mtu asiguse mimea yangu," Kalunde alisema.

"Nani ana haja na mimea yako?" Masila alijibu, macho yake kwenye kiwele cha mbuzi.

Mbegu za kwanza zilioza. Kalunde aliziweka moja kwa moja ardhini, kama alivyozoea Mwala, na baridi ikazimaliza. Alipofukua kwa kidole alikuta uji mtupu. Nusu ya mbegu zake ilikuwa imekwenda, na hakuwa na mahali pa kupata nyingine, maana kule kwao ukame ulikuwa umekausha hata bwawa. Masila alipita pale akiwa na kamba ya kupimia. Alikuwa ameanza kufikiria kufuga nguruwe pale.

Halafu Pauline akapiga simu. Pauline alikuwa na hoteli ya chakula Syokimau, na wateja wake wengi walikuwa Wasudani.

"Masila, watu wangu wanalilia bamia. Mwala hakuna, Muthetheni hakuna. Wewe nipatie kufikia Septemba, na kabichi, karoti, viazi, vyote nitachukua kwako."

"Bamia? Niko nazo," Masila alisema, kabla ya kufikiri.

Hapo mambo yakageuka. Mtu aliyekuwa akingoja Kalunde ashindwe sasa alimtaka ashinde, tena haraka. Kila asubuhi akawa anashuka mwambani.

Kalunde alikuwa amebadilisha mbinu. Mbegu zilizobaki aliziloweka usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu, akazifunga kwa kitambaa chenye unyevu, akakifunga kitambaa tumboni, chini ya sweta. Alipalilia nazo, alipika nazo, alilala nazo. Mwikali, mke wa Masila, alipomwona ametuna tumbo, alishika kiuno.

"Mama Mike! Aiya! Ya miezi mingapi?"

"Bado changa. Na baba yake ni huyu mzee wako, anakuja kuiangalia kila asubuhi."

Zilipochomoza vijizizi, chache alizitia kwenye pakiti za maziwa zilizojazwa udongo na kuziweka jikoni, karibu na mafiga. Nyingi alizipanda kwa kubanana kwenye tuta moja chini ya mwamba, kwa sababu karatasi yake ya nailoni haikutosha kufunika zaidi. Mchana jua lilipasha jiwe, usiku jiwe likapasha tuta. Miche ikatoka. Masila aliinama akaitazama kupitia nailoni kama mtu anayetazama keki dukani.

"Zimesongamana," alisema.

"Nitapunguza. Nitang'oa dhaifu, nibakishe zenye nguvu."

"Unang'oa unapeleka wapi?"

"Natupa."

Neno hilo lilimkaa Masila rohoni. Kutupa! Miche iliyokwishatoka, wakati Pauline anapiga simu, na kipande kizima kiko wazi!

Wiki hiyo Kalunde aliitwa Mwala kumzika shangazi yake. Pakiti za jikoni alimwachia mama mkwe. Basi lilipomchukua tu, Masila aliwaita wanawake wawili waliozoea kumpandia kahawa. Mmoja, Ndila, alisita akiwa na panga mkononi.

"Baba Lenny, mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenye shamba ni mimi."

Wakafanya kazi kwa ustadi wa kahawa. Walifunua nailoni, wakang'oa miche yote, wakakung'uta udongo. Kila mche ulikuwa na mzizi mmoja mrefu kama mkia wa panya, nao wakaukata ncha ili usijikunje shimoni, kama wanavyofanya na mibuni. Walipanda kwa mistari kutoka mwambani hadi kwenye ua, wakamwagilia. Jioni Masila alisimama akahesabu mistari na kumpigia Pauline. "Andaa sufuria," alimwambia.

Asubuhi miche ilikuwa imeinama. Mwikali alisema imechoka safari. Kesho yake ilikuwa imelala. Masila alirudisha nailoni juu ya michache, akamwaga maji, akaongeza maji, akawafukuza mbwa. Kalunde aliporudi, mistari ilibaki kama nyuzi zilizoungua.

Hakupiga kelele. Aling'oa mche mmoja, akautazama chini.

"Nani alikata mzizi?"

"Ni baridi, mwaitu," Masila alisema. "Nilikuambia tangu mwanzo. Na mapatano yetu yalisema zisipozaa..."

"Nimeuliza nani alikata."

Mwikali alikuwa amesimama nyuma yao na ndoo. "Mwambie, Baba Lenny. Ama nimwambie mimi?"

Akilini Masila alikuwa akitafuta mlango wa kutokea, na kila alioujaribu ulikuwa umefungwa.

"Bamia haing'olewi," Kalunde alisema. "Ukigusa ule mzizi, umeua. Sawa. Niko na zile za pakiti. Hizo zikizaa, kipande ni changu misimu mitano, na nitauzia ninayetaka."

"Mitano! Mitatu, kama tulivyosema."

"Wewe unanunua mboga za watu kwa mdomo, unalipa ukirudi. Kesho ni siku ya soko. Niende Kangundo nieleze wamama vile mdomo wako unafanya kazi?"

Masila alitazama mistari yake. Aliona vibanda vyote vya soko, wanawake wakifunika kabichi zao anapokaribia.

"Minne."

"Mitano. Na huko sokoni sitasema kitu."

"Mitano," alisema Masila. "Lakini Oktoba ni Oktoba. Mvua ikinyesha kabla hazijazaa, unatoka."

"Ni sawa."

Pakiti zilishuka kutoka jikoni mwisho wa Julai. Kalunde alizipasua kwa wembe pembeni, akazishusha shimoni na udongo wao bila kuugusa, akazungushia mawe. Agosti ilikuwa mbaya. Majani yalipauka, mimea ikagoma kurefuka. Masila alishuka kila siku, hakujua mwenyewe anaomba nini. Zikifa, kipande chake kinarudi. Zikizaa, huenda Pauline akasubiri.

Katikati ya Septemba ua la kwanza lilifunguka, la manjano, na mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Mwala. Masila aliyatazama mawingu, akalitazama ua. Ua lilidondoka, likaacha kibamia kama kucha ya mtoto. Siku chache baadaye kilikuwa kirefu kama kidole, na mvua bado.

Kalunde alikikata mbele ya Mwikali, akampa. "Pika. Wewe ndiye shahidi, zimezaa."

Nyingine zilifuata, laini, kijani kibichi. Masila alikuja na kikapu.

"Mama Mike, nikatie. Kidogo tu, nimwonyeshe Pauline. Bei sema wewe."

"Hizi si za kupika."

"Zitakomaa! Bamia ikikomaa, mmea unaacha kuzaa. Hata mimi sasa najua."

"Uache kuzaa. Mbegu yangu yote imebaki hapo, na hii imeshaona baridi yenu."

Masila alisimama na kikapu, siku ile na zilizofuata, akizitazama zikikauka, zikiwa ngumu na za rangi ya kuni, mpaka zikaanza kupasuka mistari. Pauline alishapata mtu mwingine, na mtu huyo akachukua na kabichi, na karoti, na viazi.

Mvua zilipoanza, Kalunde alikuwa na kopo la mbegu na misimu mitano chini ya mwamba. Mwaka huo hakuuza bamia hata moja. Aliendelea na kibarua cha kupalilia kahawa, ya Masila ikiwemo, kwa malipo aliyoyapandisha. Masila alikuwa amepoteza Syokimau na kipande cha mawe ambacho sasa kila mtu alikuwa akikiulizia. Lakini sokoni Kangundo wanawake waliendelea kumpakilia kabichi kwa mdomo, kwa sababu Kalunde hakusema kitu. Masila alipopiga hesabu yake, kimya hicho ndicho alichokinunua, na hakukiona ghali.