Niliyomwelekeza Shemeji Nikiwa Edani

Temeke nzima ilimsifu mume wangu kwamba ana dawa ya viboko. Watu walisema akiingia majini wanyama wanamjua. Wazungu waliotaka kwenda kusini kutazama viboko, mamba na ndege wa pwani walimwulizia yeye, na yule Bwana mwenye malori aliyewapeleka huko hakukubali safari iondoke bila yeye. Mie nilizisikia sifa hizo huku napepeta mchele, nikacheka kimoyomoyo. Mume wangu alikuwa mtu wa bara, amekulia kwenye ng'ombe na vumbi, na kabla ya kunioa alikuwa hajamwona kiboko hata mmoja. Dawa yake nilikuwa mimi.

Nimezaliwa kule mto Rufiji unakogawanyika matawi mengi kabla ya kuingia baharini. Utoto wangu ulipita juu ya dungu, kibanda kilichoinuliwa kwa miti mirefu katikati ya shamba la mpunga, nikifukuza ndege. Viboko walipita chini yetu kama mbuzi wa jirani. Basi kila safari ilipokaribia, mume wangu alikuja jikoni, akavuta kibao cha mbuzi akakalia, akaniuliza, "Mwezi huu wako wapi?" Nikamwambia. Mitumbwi yake ilisukumwa na wajomba zangu. Akirudi ananiletea uduvi na kambale mkavu, na barazani anasifiwa peke yake. Ningesema sikumwonea wivu ningekuwa muongo.

Akashikwa na homa, na siku ya nne tukamzika. Nikaingia eda.

Miezi minne na siku kumi, kwa hesabu ya mwezi wa angani. Chumba kimoja, nguo nyeupe, bila manukato wala wanja, kioo kimegeuzwa uso ukutani. Kutoka kwangu kulikuwa kwenda chooni tu, nimejifunika gubigubi. Mwanamume asiye maharimu wangu asinione, na sauti yangu asiisikie. Bibi mmoja wa nyumba ya pili, mwenye meno mawili na maneno mia, ndiye aliyenikalisha. Alinipikia, alinisimamia, na aliniongelesha mpaka nikatamani kuwa kiziwi. Dirisha lilikuwa moja, bao lake halifunguki lote, na nje yake ukuta wa jirani. Niliujua ukuta ule ufa kwa ufa. Nilimlilia mume wangu kwa kweli, lakini kuna siku nililia kwa ajili ya kile chumba tu.

Mwezi wa pili ikaja barua kutoka bara kwa kaka mkubwa wa mume wangu. Nilisomewa mlangoni. Ilisema mdogo wa marehemu, aliyekuja msibani na hajaondoka, aombe kazi ya marehemu kwa yule Bwana. Akiishika, abaki mjini, aichukue nyumba na amrithi mjane. Asipoishika, arudi kulima, na mjane aachiwe nyumba akae. Hakuna aliyeniuliza. Shehe wa mtaa alisema nina haki ya kukataa kurithiwa, nami namshukuru, ila haki yenyewe haikuwa na paa. Nyumba ilikuwa yao.

Wajomba zangu walipopata habari walikasirika, wakaleta ujumbe kwamba wao hawamsukumii mtumbwi mtu anayekuja kuwarithia mtoto. Bwana akampa shemeji safari moja ya kumjaribu. Na shemeji, ambaye kusini alikuwa hajakanyaga, akaja dirishani pangu.

Alikuja kila alasiri, akageuza mgongo ili asinione, akachuchumaa chini ya bao. Mie nilimnong'oneza bibi, bibi akapaza sauti.

"Shemeji," alisema siku ya kwanza, "nakusumbua katika msiba wako. Sina pengine pa kuuliza. Kiboko anaendewaje?"

Nikanong'ona. Bibi akasema, "Anasema kiboko usikae kati yake na maji. Akiwa nchi kavu, maji ndiyo nyumbani kwake, atakupitia kama mlango. Na mie nakwambia, wewe ulivyo mnene hatakukosa."

Shemeji akacheka kidogo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi. Alitupasulia kuni bila kuombwa. Hakuwahi kuinua sauti. Angekuwa mlevi au mkorofi, moyo wangu ungepata pa kukaa. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu, kwamba nimehesabiwa kuwa wake, na mie nilikuwa nimeshampikia mume wa akili za kuazima muda wa kutosha. Sikutaka wa pili.

Ila nikimnyima maneno, atakwenda hivyo hivyo, awaingize watu kinywani mwa mamba. Damu yao ningeifanyaje? Nikamwelekeza. Siku baada ya siku nikampitisha kule kwetu nikiwa nimekaa mkekani: mkono wa mto wenye mikoko minene ndio wenye viboko, majike wenye watoto wanalala kwenye kina, upande wa kivuli, mtumbwini hakuna kusimama, mamba akiwa na mayai mchangani, wapitie mbali; wakiona ndege wengi wameruka pamoja bila sababu, wanyamaze, kuna mnyama. Nikamwambia na la mwisho, kwamba kiboko akiwasogelea wakiwa hawana pa kwenda, wakae kimya wote, mtu asipige kelele wala asirushe kitu, atatafuta njia yake mwenyewe.

Yeye alirudia kila neno kama mtoto wa chuo cha Kurani. Mie nikaanza kuona raha, aibu ilioje. Kwa saa moja ya alasiri nilikuwa nje ya kile chumba.

Alasiri ya mwisho alikuja kuaga. Lori linaondoka kesho. Nikamwuliza kwa kinywa cha bibi ni nani watakaomsukumia mitumbwi, maana wajomba wamekataa.

"Nimeagizia watu wa kule kwenye kivuko, juu ya mto," akasema. "Wanaujua mto vizuri."

Akaaga, akatuombea dua, akaondoka. Hakufika mbali. Nilimsikia kwenye kona akizungumza na fundi baiskeli.

Bibi akachukua kamba yetu ya mafundo, tuliyohesabia siku za eda. "Leo mwezi kumi na ngapi, mwanangu?"

"Kumi na mbili," nikamjibu.

Na papo hapo nikakumbuka. Keshokutwa, siku watakayoingia majini, ni mwezi kumi na nne, maji ya bamvua. Kwetu, mwezi ukijaa, bahari inapanda hadi kwenye mikoko, kisha inaondoka na kuacha tope tupu hadi katikati ya mkono wa mto. Mtoto wa miaka minne analijua hilo. Sikumwambia shemeji kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuniambia mimi. Kwetu hayafundishwi, ni sawa na kumfundisha mtu kwamba usiku utaingia. Lakini shemeji bahari aliiona mara moja, bandarini, imejaa. Watu wa kivukoni wako juu mno, maji yao yanakwenda upande mmoja tu. Bwana mwenyewe mambo ya maji aliwaachia marehemu na wajomba, basi kwenye ule msafara hapakuwa na wa kumwambia.

Sauti yake bado naisikia pale konani. Bibi amekaa mbele yangu, miguu anayo. Ilikuwa ni kusema, "Bibi, mwite."

Nilijiambia mwanamke wa eda haiti wanaume. Nikamwomba bibi anipe maji ya kunywa. Nilipomaliza kunywa, konani palikuwa kimya.

Siku zile tano sikula cha maana. Bibi akadhani ni huzuni ya marehemu, akanipikia uji wa pilipili manga. Kila mtu akipita barazani nilidhani analeta habari ya maiti. Nilijihesabia hoja zote: nimemwelekeza mengi, sikudaiwa kumwelekeza yote, yeye ni mtu mzima. Hazikunisaidia kulala.

Alirudi siku ya sita, saa ya alasiri ile ile. Nilizitambua hatua zake, nikamshukuru Mungu kwa kuzisikia, kisha nikaogopa. Akachuchumaa mahali pake.

"Shemeji, tumerudi wote," akasema. "Tuliingia asubuhi kama ulivyosema. Viboko tukawaona. Wazungu wakafurahi. Mara maji yakaanza kuondoka. Mie sikujua kama maji huondoka. Mitumbwi ikakaa kwenye tope, ikalala ubavu. Mama mmoja wa Kizungu akashuka, akazama hadi kiunoni, tukamtoa kwa kamba. Halafu kiboko akatoka kwenye mikoko, anatafuta maji, nasi tuko katikati."

Bibi akashika mdomo.

"Nikakumbuka neno lako. Nikawanyamazisha wote, mpaka Bwana. Kiboko akasimama karibu, shemeji, nasikia anavyopumua. Kisha akazunguka, akaenda zake. Tukakaa juani mpaka maji yaliporudi. Neno lako limetuokoa, nami nimekuja kushukuru."

Kazi hakupewa. Bwana alimwambia hawezi kuwapa wageni wake mtu asiyejua hata maji. Kesho alikuwa anapanda treni kurudi bara, na nyumba nitaachiwa, kama barua ilivyosema. Aliyasema yote hayo bila kinyongo.

"Shemeji, kuna moja tu. Hili la maji hukuniambia. Najua huwezi kusema nami, wala sitaki bibi akusemee. Kama ulisahau, kohoa tu, niende nikiwa na amani. Mtu husahau."

Bibi akanigeukia. Alikuwa ananitazama kwa huruma, anangoja, kwa kuwa jibu lilikuwa jepesi mno. Ni kweli nilisahau. Nilisahau siku kumi nzima za kumwelekeza, na kama angeuliza mapema kidogo, kabla ya ile kamba ya mafundo, ningekohoa mpaka mtaa wa pili usikie.

Nilikaa na kanga yangu nyeupe, mkono mdomoni. Koo liliniwasha, sikukohoa. Niliuangalia ukuta wa jirani. Upande wa pili wa bao shemeji naye alikuwa amezuia pumzi. Nilijua, kwa sababu baadaye niliisikia ikimtoka.

"Haya, shemeji," akasema taratibu. "Kaa salama na nyumba yako."

Akainuka, akaenda. Eda yangu ilikuwa imebaki siku ishirini na moja.