Faili ya Mzee Barasa

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu. Nakusimulia kwa sababu umeajiriwa kuwakusanyia watafiti faili za wagonjwa wa saratani ya damu, na juzi nimekusikia ukicheka kwamba ni kazi ya kubeba makaratasi tu.

Nilikuwa nimetoka chuoni, natibu kwenye zahanati moja nje ya mji huu wa Eldoret. Wagonjwa waliniita daktari, nami, tabibu tu, sikuwasahihisha. Sifa ni tamu, wewe. Akaja Mzee Barasa, fundi wa mawe kutoka mtaa wa Huruma, amekonda, matezi ya shingo yamevimba. Nikasema ni kifua kikuu, maana siku hizo kila tezi tuliliita kifua kikuu. Nikampa vidonge miezi sita, bila kuomba tezi lile likatwe kipande lipimwe. Alipofika hospitali kubwa akaambiwa ni limfoma, aina ya saratani ya damu inayoshika matezi, na imeshaenea. Alizikwa kwao Bungoma.

Mwaka uliofuata tukaletewa barua. Daktari mmoja mtafiti alikuwa anaandika makala kuhusu limfoma, na alitaka faili za wote walioanzishiwa kwanza dawa za kifua kikuu. Nikaingiwa na hofu. Niliona jina langu limechapishwa, ulimwengu mzima unalisoma. Nikaichukua faili ya Barasa, nikaificha chini ya godoro langu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sijui wangesemaje juu ya anayeficha maradhi ya mwenziwe.

Sasa sikia balaa. Wiki hiyohiyo Chebet, msichana wa Sugoi niliyemwanzishia dawa hizohizo kwa uvimbe wa shingo, alikuja kuchukua vidonge vyake vya mwezi wa tatu. Nikamgusa shingo. Uvimbe ulikuwa umeongezeka. Nilijua, haki ya Mungu nilijua! Lakini nikimtuma akapimwe, wataniuliza kama huyu ni wa pili. Nikamwambia aendelee na dawa. Akanishukuru, akaenda zake.

 Tangu hapo, simu ikilia nilidhani ni msiba wake.

Siku ya tisa Mama Nafula, mtunza faili wetu, aliingia chumbani kwangu akafunga mlango.

"Daktari, faili ya Barasa iko wapi?"

"Sijaiona, Mama."

"Usinicheze. Niko na rejista ya kuchukua faili hapa, na hii ni sahihi yako."

Nikaanza kulia. Mtu mzima mzima.

"Mama, watanifuta kazi."

"Pengine watakufuta. Lakini hiyo faili si yako, ni ya Barasa. Huyo mzee alikufa, na wewe unataka akuwe amekufa bure? Kuna mwingine ako hivyo?"

Nikalitaja jina la Chebet. Mama Nafula alinikodolea macho.

"Na bado umekaa?"

Nilipanda bodaboda hadi Sugoi. Nikamkuta Chebet na mama yake wakipukuchua mahindi, nikawaambia wazi kwamba nimekosea. Mama yule hata kiti hakunipa, na sikumlaumu. Chebet akapimwa, ikawa limfoma. Dawa za saratani zilimnyoa nywele zote, na kwa miezi mingi hakuna aliyeweza kuniambia kama ataishi. Aliishi. Hata leo akinipigia kunisalimu, kwanza nashtuka, ndipo nafurahi.

Faili niliipeleka kwa mtafiti mwenyewe. Makala ilipotoka niliipekua nikilitafuta jina langu. Halikuwamo. Mzee Barasa alikuwa mstari mmoja tu wa jedwali: mwanamume, miezi sita ya dawa isiyo yake. Kwa mstari huo nilikuwa tayari kumzika msichana.

Basi, mwanangu, kufanya kosa si kosa; kosa ni kurudia kosa, na ukilificha umeshaanza kulirudia. Faili moja ikipotea, makala inadanganya, na daktari wa mbali anayeiamini atamkosea mgonjwa wake. Ukikosea sema mapema, sema ukiwa bado na mtu wa kumwokoa. Usingoje kufungiwa mlango kama mimi.

Mungu akuongoze katika kazi hiyo. Akuondolee woga wa kuaibika, na kila jedwali utakalolijaza, mstari wa waliopona uwe mrefu kuliko wa kina Barasa.