Ng'ombe Ndani ya Sanduku

Mama Kamaliza, muuza maziwa wa vilima vya Nyabiondo, ana familia mbili: yake mwenyewe na nyingine huko Seoul. Ya Seoul ndiyo inayomnyima usingizi. Jumapili mchungaji akirefusha mahubiri, Kamaliza hukohoa. Akiendelea, hukohoa kwa nguvu zaidi, maana dukani kwa Mama Kavugho televisheni huwashwa jua likikolea kwenye paneli, na filamu ya Kikorea haingoji waumini.

Mama Kavugho, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, aliileta televisheni ile ili watu wavutiwe wanunue sabuni. Watu walivutiwa. Sabuni bado ipo.

Maandishi yapitayo chini ya picha ni ya Kifaransa, kwa hiyo Lévi, mwana wa Mama Kavugho, huyasoma kwa sauti kwa Kiswahili. Huyo Lévi anampenda Uwimbabazi, binti wa Kamaliza, naye Uwimbabazi anampenda. Tatizo ni mifugo. Kwao Kamaliza binti huposwa kwa ng'ombe. Kwao Lévi, kwa mbuzi. Habari ya mbuzi ilipomfikia, Kamaliza alijibu kwamba binti yake hakulelewa kwa maziwa ya mbuzi. Tangu hapo mama hao wawili hukaa benchi moja, hugawana biskuti, huwalilia Wakorea pamoja, na mbuzi hawatajwi.

Jumapili hiyo ilikuwa sehemu ya mwisho. Kijana wa filamu, mwenye nywele kama za ndama aliyelambwa na mama yake, alikuwa amekataliwa na mama wa msichana. Sasa alisimama mlangoni kwao, mvua ikimnyeshea, mkononi sanduku lililofungwa kwa kitambaa. Mama akalifungua. Nyama ya ng'ombe, nyekundu, imepangwa vizuri.

Kamaliza akaruka. "Ameleta ng'ombe wa kufa!"

"Ikala, Mama Uwimbabazi, unafunika televizyo!" alisema Mama Kavugho.

"Nitaikala namna gani? Hii njo mahari? Itazala nini? Tutaikamua wapi?"

Kijana akapiga magoti, akafungua kinywa. Lévi akasoma:

"Mama, najua kwenu munatakaka ng'ombe ya kutembea. Kwetu njo hivi tunaletaka. Haiko zarau. Mutoto yako nitamuchunga vile munachungaka ng'ombe: kukuwe mvua ao jua, sitamuacha peke yake ku kilima."

Mama wa Kikorea akalikumbatia sanduku, akalia. Kamaliza akalia kwa sauti kumshinda, akipiga makofi, akimpiga Mama Kavugho begani. "Amekubali! Mama amekubali!" Harusi ilipofika watu walikuwa wamepanda juu ya benchi, na mtu mmoja, ambaye hakuwahi kuona sehemu yoyote iliyotangulia, alikuwa anapangusa macho.

Filamu ilipokwisha, Kamaliza akachukua bidoni yake tupu ya maziwa. Akasimama mlangoni.

"Lévi."

"Ndiyo, Mama."

"Ule kijana amefungua kinywa kidogo tu. Weye umesema mupaka nikatafuta kitambaa ya machozi."

Mama Kavugho akaanza kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Lévi akatazama viatu vyake.

"Mama, Kikorea iko kifupi. Kiswahili njo kirefu."

"Hm. Na ile ya kilima? Seoul kuko ng'ombe ku kilima?"

Kamaliza akamtazama Lévi kama anavyomtazama ndama kabla ya kumnunua.

"Basi, mulete zile mbuzi. Lakini zikuje na miguu yao. Sitaki za ku sanduku."

Mama Kavugho alipiga vigelegele hadi mwenye pikipiki aliyekuwa anapita akafunga breki, akidhani anaitwa. Kamaliza alikuwa ameshashika njia, karibu anakimbia, bidoni ikimgonga kiunoni, kwenda kumpa Uwimbabazi habari yote. Akianzia, bila shaka, sehemu ya kwanza.