Kishamba cha Mjane

Enid Hepple hakupenda kulima, na kwa zaidi ya miaka arobaini ya ndoa hakuwahi kumwambia mtu. Mume wake Ralph alikuwa mtu wa vishamba, na mke wa mtu wa vishamba huwa haulizwi. Wanaume wa kijiji kile, tangu enzi ambazo mgodi wa makaa ulikuwa ukiwameza alfajiri na kuwatema jioni, kila mmoja alikodi kipande chake cha ardhi nyuma ya kanisa, akakizungushia milango mibovu na mabati, akalima mboga utadhani njaa inaingia wiki ijayo. Mgodi ulifungwa, vishamba vikabaki. Baridi ikianza kulegea tu, Enid hakuwa na mume tena mpaka Oktoba. Alikuwa na soksi zenye udongo, sinki lenye udongo, na vitunguu majani vya kugawa mtaa mzima mpaka watu wakawa wanafunga mapazia wakimwona anakuja.

Ralph alipofariki, Enid alimlilia kweli, maana alikuwa mwanamume mwema. Lakini siku chache baada ya mazishi, akiwa anakunja suruali za marehemu, wazo likamjia bila kualikwa: sasa kile kishamba nakirudisha. Aliona haya peke yake mle chumbani. Wazo lilikaa pale pale.

Alichosahau ni majirani. Alipokwenda mwezi wa tatu kuchukua vikombe na redio ya Ralph kule kibandani, alikuta nusu ya ardhi imeshachimbwa. Wilf Dodds, mwenye kishamba cha ubavuni, rafiki wa Ralph tangu walipoingia mgodini wote wawili, alikuwa amesimama na uma wa kulimia, jasho likimtoka, anatabasamu. Wengine walikuwa wameleta samadi ya farasi. Mmoja alikuwa ametengeneza bawaba za kibanda. Sasa utamwambiaje mtu aliyekulimia bure, kwa mapenzi ya marehemu, kwamba ulikuja kufunga virago? Enid alishukuru, akachemsha chai, akapanda alichoambiwa apande. Wahenga walisema wema hauozi. Msimu ule wote Enid alitamani uoze kidogo, walau kama mboji.

Mwaka uliofuata aliapa kwamba haitakuwa tena. Dada yake Avril, mjane kama yeye, alikuwa na nyumba katika mji wa pwani wa Scarborough, na chumba cha juu kinachotazama bahari alikuwa amekwisha kukipaka rangi. Avril si mtu wa kubembeleza. Alimwambia kwenye simu aje waishi wote, na kama Pasaka ikipita hajaja, chumba atampa mpangaji. Enid alianza kupunguza vyombo siku ile ile. Usiku alilala akiwaza asubuhi ambayo angeamka asiwe na kitu cha kumwagilia, na moyo wake ulikuwa mwepesi kama wa msichana.

Lililobaki lilikuwa kusema neno moja, na siku ya kulisema ilijulikana. Ijumaa Kuu ndiyo siku ya viazi. Wazee walisema siku hiyo Shetani hana mamlaka juu ya udongo, na ingawa wengi wao hawakuwa wamekanyaga kanisani tangu walipooa, hakuna aliyethubutu kupanda Alhamisi. Kwa kuwa wote huwapo, ndiyo siku ambayo Glenda Surtees, katibu wa vishamba, hupita kwa kila mmoja akiuliza nani anaendelea na nani anaacha. Foleni ya wanaosubiri ni ndefu, na sheria ni mtu mmoja kishamba kimoja.

Enid alifika na trei tupu za mayai, ndani yake viazi vya mbegu vikiwa vimechipua vizuri. Wilf ndiye aliyemletea viazi hivyo, na Enid alikosa moyo wa kuvitupa. Wilf alikuwa ameshanyoosha kamba na kuchimba mifereji. Ardhi nzima alikwisha kuichimba wiki iliyopita, mpaka ule upande wa maharagwe kule mwisho, na hakuacha bonge hata moja. Walianza kupanda, yeye mstari huu, Wilf ule. Upepo ulikuwa wa kukata masikio. Sauti ya Glenda ilisikika mbali kidogo, akicheka na mtu.

"Macho juu, shemeji," Wilf alisema. "Ukikipindua hicho, tutakwenda kukivuna Australia."

Enid alikigeuza kiazi, machipukizi yakatazama juu. Alitaka Wilf alisikie jambo lile kutoka kwake kabla ya Glenda kufika. Kwa hisani zote zile, aliona hiyo ndiyo adabu ndogo iliyompasa.

"Shem, mimi naacha," alisema. "Glenda akifika namwambia."

Baada ya hapo maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka: Avril, chumba, bahari, na kwamba hakuwahi kuipenda kazi hii hata siku moja, alimpenda Ralph tu. Wilf alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema ni jambo jema, hewa ya baharini ni dawa, na Ralph mwenyewe angemwambia aende. Wote wawili walijua huo ni uongo. Kisha Wilf akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono ikining'inia katikati ya magoti.

Enid akamuuliza nani yuko na Joan leo. Joan ni mke wa Wilf, na akili yake ilikuwa imeanza kumtoka muda mrefu.

"Dada yangu Muriel."

"Mungu ambariki."

"Muriel haji kwa ajili yangu, shemeji. Anakuja kwa ajili yako. Nilimwambia namsaidia mjane. Ningesema ni viazi vyangu, angeniambia nikanunue dukani kama watu wengine." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Joan ananiuliza Wilf anarudi lini. Kutwa nzima. Namwambia Wilf ni mimi, anacheka, anasema niache utani, mume wake bado kijana. Hapa ndipo ninapopumua. Lakini wewe nenda. Sikusema ili ubaki."

Na kweli hakusema ili abaki, na hilo ndilo lililomuudhi Enid kuliko yote. Wilf angemwomba, yeye angemkatalia. Akafikiri labda aache jina lake pale, aondoke kimya kimya, Wilf aendelee kuchimba. Lakini Muriel hukaa naye benchi moja kanisani, na kijiji kile hata paka akihama kinajua. Hasira ikampanda. Alimchukia Ralph aliyemwachia udongo huu, akamchukia Muriel na huruma yake ya kuchagua. Alijaribu kumchukia Wilf, akashindwa. Alijiona kama mtu aliyefungiwa ndani na mlango umekomewa kwa nje.

Glenda akafika, mashavu mekundu kwa baridi.

"Haya, Bi Enid. Unaendelea, au nimfurahishe mtu wa foleni?"

Kile chumba cha kwa Avril, Enid alikuwa amekiona mara moja tu, wakati wa Krismasi. Dirisha lake lilichukua karibu ukuta mzima.

"Naendelea," alisema.

Glenda akasema Ralph angefurahi sana, akapita kwa mwingine.

Wilf alikuwa ameinama tena kwenye mfereji na hakuinua uso. Ulikuwa umebaki mstari mmoja, na mchana ulikuwa bado mbali. Enid alijua kwamba ukiisha huo Wilf atavaa koti lake aende nyumbani, kwa kuwa si mtu wa kukaa bure kwenye shamba la mwenzake.

"Shem," alimwita, na sauti ilimtoka kavu, maana hasira ilikuwa haijamwisha. "Ule upande wa maharagwe haukuchimbwa vizuri."

Wilf akanyanyuka polepole, akautazama upande alioulima kwa mikono yake mwenyewe.

"Kweli," akasema. "Unataka kuchimbwa tena."