Kadi ya Uponyaji na Mate ya Gaspari

Walisema sitarudisha hata moja. Masanja ndiye aliyetamka kwa sauti, akiwa amekaa juu ya gunia la mpunga la mama yake: "Huyu wa Katumba? Kadi zenu mtaziona kwenye ndoto." Wenzake wakacheka. Tulikuwa nyuma ya mashine ya kukoboa pale Shanwe, Mpanda, msimu wa mavuno, na kila nikikumbuka siku zile harufu ndiyo inayotangulia: pumba zilizolowa zikaanza kuchacha, dizeli, na jasho la watu wanaosubiri zamu. Wengine husema harufu ya pumba ni harufu ya shibe. Mimi inanitia kichefuchefu mpaka leo, na sababu yake ni mtu mmoja, Gaspari, mtoto wa mwenye mashine.

Kadi zenyewe zililetwa na dereva wa fuso aliyekuja kubeba mchele. Aliwagawia watoto waliomsaidia kufagia gari lake, kila mmoja kadi chache. Zilikuwa na picha za mashujaa wenye ngao na vinyago, na chini ya kila picha Kiingereza kitupu. Siku hiyo nilikuwa shambani na mama, sikupata kitu. Lakini dereva aliporudi nilimuuliza zinachezwaje, jambo ambalo hakuna mwingine aliyefikiria kuuliza. Akanieleza kwamba mashujaa wote wako upande mmoja, wanapambana na jitu la chuma ambalo kadi zake hufunuliwa moja moja kila zamu. Mnashinda wote au mnakufa wote. Nikaelewa hapo hapo kwamba zikikaa nyumba tofauti hazina mchezo. Nikapita mlango kwa mlango nikiazima. Editha, binti wa Kipimbwe aliyetoka Kasansa kukaa kwa shangazi yake, alinipa zake zote na kunitazama usoni: "Nestori, ukipoteza, usikanyage kwetu." Sijisifu bure. Mtoto wa wakimbizi wa Katumba, aliyerudia darasa la tatu, ambaye nyumbani kwao waliongea Kirundi, ndiye aliyeukusanya mchezo mzima kwa neno lake tu.

Kilichotushinda kilikuwa kusoma. Ndipo Gaspari alipofika likizo kutoka shule ya bweni ya Mbeya, na soksi zake nyeupe. Alikuwa na tabia ya kulamba kidole gumba kabla ya kugusa kila kadi. Anakitoa mdomoni kinang'aa, anakibandika juu ya uso wa shujaa, anasoma. Kufika jioni kadi zilikuwa zimeanza kunata na kunuka mate na dagaa wa mchana. Akatoa sharti: "Nitawasomea. Mkishinda, kadi zenu. Mkishindwa naondoka nazo, maana nyie hamjui kuzitumia." Na umati mzima ukakubali! Mtu ambaye sisi tukishindwa yeye anapata, ndiye aliyepewa kutuambia kadi zinasema nini. Ni Editha peke yake aliyepinga. "Kwetu Kasansa anayegawa nyama huchukua fungu la mwisho," alisema. "Sasa huyu anatugawia halafu anakula wa kwanza?"

"Hii siyo nyama, dada," Gaspari akajibu. "Hiki ni Kiingereza."

Watu wakacheka, hoja ikafia hapo.

Tulicheza wanne: mimi, Editha, Masanja na Gaspari, aliyejipa uongozi bila kuulizwa. Shujaa wangu alikuwa mwanamke wa radi, na ndiye pekee aliyebaki na pigo la kuliangusha jitu. Lakini alikuwa na majeraha mengi. Moja zaidi na amekufa. Zamu yangu ikafika, nikachomoa kadi ya uponyaji. Nilitaka kuruka. Gaspari akalamba kidole chake, akaipokea, akasoma: shujaa mmoja anapona majeraha yote.

"Shujaa yupi?" nikauliza.

"Haijasema."

"Anachagua nani?"

"Nayo haijasema. Isiposema, anachagua kiongozi."

"Hayo ya kiongozi yameandikwa wapi?"

"Wewe Nestori, Kiingereza umejifunzia wapi? Kwenye mihogo?"

Akamponya shujaa wake mwenyewe, ambaye alikuwa na mkwaruzo mmoja tu. Kadi iliyofuata ya jitu ilimuua mwanamke wa radi, na baada yake tukaanguka wote, mpaka shujaa wa Gaspari. Sijawahi kuona mtu akifurahi vile shujaa wake akifa. Alizikusanya kadi akilamba kidole, taratibu, hata zile za Editha, na Editha alisimama akiangalia mate yakipita juu ya vitu vyake.

"Si nilisema?" Masanja akaniambia. Nikawaambia wote nitalipa. Msimu ule uliobaki, nikiweka gunia la mama kwenye foleni, hakuna aliyenisogezea nafasi.

Basi nilisoma. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nimebeba zege Dar es Salaam mchana na kusoma jioni, nikapata diploma yangu ya ugavi, nimerudi Mpanda na nyumba ya tofali za saruji nimejenga. Kazi yangu leo ni kusoma mikataba, na akina Gaspari nakutana nao kila wiki, watu wazima wenye tai, wanaolamba kidole na kuniambia, "Hapa maana yake ni hii." Nasikia pumba zilizochacha puani.

Mchezo ule ule niliukuta kwenye duka moja Dar, mpya, ndani ya boksi lake. Wiki niliyorudi nilizunguka tena mlango kwa mlango, nikirudisha kadi. Masanja, ambaye sasa anauza ng'ombe, alizipokea zake akatikisa kichwa: "Aisee, wa Katumba, umenishinda." Wa mwisho alikuwa Editha. Mashine ile sasa ni yake. Alijifuta vumbi, akachomoa kadi ya uponyaji kwenye fungu nililompa, akaninyooshea. "Soma, bwana diploma."

Nikasoma, nikarudia. "Haisemi nani anachagua," nikakiri.

"Kumbe hakudanganya?"

"Hakudanganya."

Hilo lilinichefua kuliko yote. Miaka yote niliamini kuna neno alilificha. Kumbe kadi ilimwachia nafasi tu, naye ndani yake akajiona mwenyewe.

Editha alinitazama kama mteja anayechelewesha foleni. "Sasa hapo kuna kuchagua gani? Si unamponya anayekaribia kufa?"

Akazipitia zake zote, moja moja, kwa kidole kikavu, akazitia mfukoni na kurudi kwenye mashine.